Njoo Mwezi wa Nne

Mama yangu aliuza samaki mwaloni Kirumba, Mwanza, kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilipopata nafasi ya kusoma Khartoum mwaka 2010, hakuuliza chuo kina sifa gani wala nitarudi na cheti gani. Aliuliza kama huko kuna maji. Nikamjibu kama mtoto aliyefaulu jiografia: yapo mama, tena ni maji ya kwetu, yanatoka hapa ziwani, yanapita Jinja, yanakwenda mpaka Misri. Akasema vizuri, basi hutakuwa mgeni sana.

Hayo maneno "maji ya kwetu" nilisafiri nayo kana kwamba ni hati ya kusafiria. Mei ya mwaka uleule, pale Entebbe, Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia zilikuwa zimetia saini mkataba mpya wa bonde la Nile, Kenya ikafuata siku chache baadaye, Misri na Sudan zikakataa. Kwetu bado watu walikuwa wakilizungumzia bomba la Kahama na Shinyanga, lililochota maji ziwani bila kupiga hodi Cairo. Shuleni tulifundishwa kwamba mkataba wa 1929, uliowekwa na Uingereza na Misri bila sisi kuulizwa, Mwalimu Nyerere aliukataa mwaka 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru. Nilikuwa na miaka ishirini na hoja yangu ilikuwa imekamilika: wenye maji ni sisi, wengine ni wanywaji.

Mtaa ulionitoa hoja hiyo unaitwa Mogran. Kwa maandishi ya Kiarabu ni Maqran, yaani mahali pa kukutana, ila Wasudani huitamka ile qaf kama g. Uko kwenye ncha ya magharibi ya Khartoum, pale Nile ya Buluu inayoshuka kutoka Ethiopia inapoikuta Nile Nyeupe inayotoka kusini. Khartoum imebanwa katikati ya mito miwili, Omdurman iko ng'ambo ya magharibi, Bahri iko kaskazini, na mbele ya makutano yenyewe kimelala kisiwa cha Tuti.

Nilifika huko mara ya kwanza Januari 2011, siku ya Ijumaa, mimi na wenzangu wawili wa bwenini, mmoja wa Pemba na mwingine wa Mombasa. Tuliambiwa tupande "hafla" hadi Souq al-Arabi. Yule wa Pemba alikwisha kuvaa nguo ya sherehe ndipo tukaelewa kuwa kwa Wasudani hafla ni basi dogo. Kisha wakatuambia tukishuka tufuate njia ya "bahr". Wa Mombasa akafurahi: bahari! Lakini Wasudani huuita mto wao bahr, na baada ya kuuona sikuona sababu ya kuwabishia.

Tulitembea kando ya barabara ya Nile, chini ya miti mikubwa ya kivuli. Wanawake wanaouza chai walikuwa wamekaa nyuma ya majiko yao ya mkaa, wateja wakiwazunguka kwenye vigoda vya kamba. Yule aliyetuuzia chai ya nanaa na zalabia, ambazo ni dada yake kalimati, alitoka Milima ya Nuba. Siku hizo watu wa Sudan Kusini walikuwa wakipiga kura ya maoni ya kujitenga, na tayari familia nyingi zilikuwa zikifunga vitanda na makabati juu ya malori kurudi kwao. Mama wa chai alitutazama tulivyo weusi akauliza kama nasi tunaondoka. Tukasema hapana, sisi ndiyo kwanza tunafika.

Kisha tukapanda daraja la zamani la Omdurman, lile la chuma lililofunguliwa mwaka 1926. Ukisimama katikati na kuangalia kaskazini, makutano yako mbele ya macho yako. Nile Nyeupe ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Nile ya Buluu, ikitokea kulia, ilikuwa ya kijani iliyokolea. Maji yalikutana lakini hayakuchanganyika papo hapo. Yalikwenda bega kwa bega, mstari katikati yake kama pindo la kanga, mpaka macho yakachoka kuufuata. Nilitoa simu nipige picha ya kumtumia mama. Askari wa darajani akanipigia mluzi na kupunga kidole: madaraja hayapigwi picha. Nikairudisha simu mfukoni. Nilijiambia nitapiga siku nyingine, mahali pengine, na siku hiyo sikuona kama nimepoteza kitu.

Nilimwambia mwenzangu wa Mombasa, nikionyesha upande wa kushoto, yale ndiyo ya kwetu. Akaniuliza kwa nini basi ndiyo yenye rangi mbaya.

Darasani nilikuwa na rafiki mzaliwa wa Tuti. Mwezi wa pili alinialika kwao. Daraja la kwenda kisiwani lilikuwa jipya bado. Zamani walivuka kwa chombo wanachokiita bantun, neno lilelile ambalo watu wa Kigamboni wanalitamka pantoni. Tuti haikufanana na Khartoum hata kidogo. Unashuka darajani unaingia mashambani: figili, vitunguu, jirjir, miti ya ndimu, punda wamefungwa kivulini. Mboga nyingi za mjini zilitoka hapo. Bibi yake rafiki yangu, ambaye wote walimwita Haboba kama Wasudani wanavyowaita mabibi zao, alinipokea kwa maji ya karkade na maswali. Unatoka wapi, binti? Tanzania. Tanzania wapi? Nikaona nafasi yangu imefika. Nikasema natoka ziwani, Haboba, huko yanakoanzia haya maji yanayopita mlangoni kwako.

Hakubisha. Aliinuka taratibu, akashika mkono wangu, akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye shamba lililoteremkia mtoni. Aliinama akachukua donge la udongo mweusi, akalivunja kiganjani mwangu. "Huu ni wa Uhabeshi," alisema. Akaonyesha miti: ndimu hizi ni za Uhabeshi. Akaonyesha ukuta wa nyumba, wa udongo uleule: na huu. Kila mwaka Nile ya Buluu ilipojaa, kuanzia Julai mpaka Septemba, ilikuja imebeba tope la milima ya Ethiopia, na ilipopungua iliacha ukingoni ardhi mbichi wanayoiita jarf, ambayo ilipandwa bila mbolea. Kisiwa kizima, kwa maelezo yake, kilikuwa kipande cha Uhabeshi kilichokuja kwa maji.

Mto huohuo uliowapa ardhi ulitaka kuichukua mwaka 1946. Haboba alikuwa msichana mdogo. Alikumbuka wanaume wakisimama kwenye maji mstari mmoja, wakiziba mapengo ya tuta kwa magunia, kwa matawi na kwa miili yao, na wanawake wakibeba udongo kwa vichwa huku wakipiga vigelegele wenzao wasilale. Wimbo wa siku hizo bado unaimbwa Sudan nzima. Tangu hapo kila msimu wa mafuriko watu wa Tuti hupanga zamu za kukesha kwenye vituo vya ulinzi kuzunguka kisiwa, wanaviita taya, na mtoto wa kiume anajua kituo cha ukoo wake kama anavyolijua jina lake.

Mimi nilikuwa nimeshika udongo, nimenyamaza. Nilipopata sauti nikauliza, kwa uchungu kidogo, sasa maji ya kwetu yana kazi gani?

Haboba alitazama upande wa Nile Nyeupe, akasema: "Njoo mwezi wa nne."

Nilikwenda. Aprili ya Khartoum ni joto la nyuzi 40 na zaidi, upepo unakuja kama mlango wa tanuri umefunguliwa. Nile ya Buluu, ile niliyoiona kijani na nzito, ilikuwa imekonda. Mafungu ya mchanga yalikuwa yamejitokeza katikati yake, ndege wamesimama juu, watoto wanacheza mpira mahali ambapo mtumbwi ungepita. Nikazunguka hadi upande wa magharibi. Nile Nyeupe ilikuwa palepale, pana, na rangi yake ileile ya maji ya mchele, kana kwamba haina habari na kiangazi. Haboba hakusema neno. Alinipa kiti tukakaa tukiangalia.

Baadaye nilitafuta vitabu maktabani, nikaona hesabu alizokuwa nazo yule bibi bila kusoma. Kwa vipimo vya miaka mingi vilivyochukuliwa kabla ya mabwawa makubwa ya siku hizi, mafuriko yalipofika kileleni karibu asilimia 68 ya maji ya Nile yaliletwa na Nile ya Buluu, kama asilimia 22 na mto Atbara, na 10 tu na Nile Nyeupe. Tena siku za mafuriko Nile ya Buluu ilijaa kwa nguvu kiasi cha kuizuia Nile Nyeupe isipite, ikabaki imetuama nyuma kama bwawa, ikisubiri. Lakini kiangazi mizani ilipinduka: kama asilimia 83 ya maji yalikuwa ya Nile Nyeupe. Sababu yake ni ziwa lenyewe, pamoja na mabwawa na vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini, ambako karibu nusu ya maji huishia angani kwa jua, na yanayobaki hutoka polepole, mwezi baada ya mwezi, karibu kwa kiasi kilekile. Mto wetu haukuumba Tuti. Uliinywesha Tuti wakati mingine ilipokuwa imekonda.

Sijui kama naweza kueleza vizuri jinsi jambo hilo lilivyonibadilisha. Nilikuja nikidhani kutoka juu ya mto ni cheo. Nimekua Mwanza, mji ambako John Hanning Speke aliliona ziwa kwa mara ya kwanza mwaka 1858, na hakuna aliyewahi kunifundisha maji yakishatoka Jinja yanakwenda kufanya nini. Shuleni Nile ilikuwa jina kwenye orodha ya mito mirefu. Haboba, ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wa nchi yake, alijua ziwa letu kwa tabia yake: alijua kwamba huko kusini kuna kitu kikubwa kisichokurupuka. Yeye alitujua. Sisi hatukumjua.

Katika niliyojifunza huko, jambo la samaki ndilo lililomgusa mama. Omdurman, sehemu ya Mawrada, kulikuwa na soko la samaki kando ya mto ambako ulichagua wako, akakaangwa mbele yako, ukamla kwa pilipili ya shata iliyochanganywa na karanga. Nilimtambua sato mara moja. Wao humwita bulti. Kisha nikamwona sangara, mkubwa, jicho lake lilelile linalong'aa, amelala kwenye barafu. Muuzaji akasema huyu ni ijl. Ijl ni ndama. Nikasema kwa fahari, nyumbani tunao wengi, viwanda vyetu vinampeleka Ulaya. Mwanafunzi mwenzetu wa uvuvi, Mganda, akaniambia ukweli ambao nilipaswa kuujua: sangara ni samaki wa Nile tangu zamani. Ziwa letu halikuwa naye. Alipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, upande wa Uganda, na sato naye aliletwa miaka hiyohiyo ya 1950. Wa kwetu wa asili walikuwa ngege na furu, na furu wa aina mamia waliliwa na sangara mpaka aina nyingi hazionekani tena.

Nilimpigia mama jioni ile. Baada ya shikamoo na marahaba nikamsimulia. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani salio limekwisha. Mwisho akasema: "Kwa hiyo hicho kilichokulipia ada si cha kwetu?" Nikamwambia kilitoka kwenye mto ninaouona hapa. Akasema niwashukuru hao watu. Alisema kwa dhati, na Ijumaa iliyofuata nilimfikishia Haboba shukrani za mama yangu kwa ajili ya sangara. Alizipokea kwa mikono miwili, kama kitu kinachoshikika.

Mwezi huohuo wa Aprili 2011 Ethiopia iliweka jiwe la msingi la bwawa lake kubwa kwenye Nile ya Buluu. Bwenini tulibishana usiku kucha, Wasudani, Wahabeshi, Waganda, sisi. Niligundua kuwa ile hoja yangu ya Mwanza sikuitaka tena, ingawa bado naamini Nyerere alikuwa na haki na bomba la Shinyanga lilikuwa la haki. Mtu mwenye kiu hahitaji ruhusa ya kunywa. Kilichonitoka ni ule uzembe wa kusema neno "yetu" bila kujua nani mwingine anakunywa.

Kuna mahali pengine Mogran palipoendeleza somo hilo, na ningependa kila kijana wa Afrika Mashariki angepaona. Ni Makumbusho ya Taifa ya Sudan, yaliyofunguliwa mwaka 1971, hatua chache kutoka mtoni. Misri ilipojenga Bwawa Kuu la Aswan, maji yalirudi nyuma hadi ndani ya Sudan yakaifunika Nubia ya chini. Mji wa Wadi Halfa ulizama, na watu wapatao 50,000 wakahamishiwa mashariki, kwenye tambarare walizokuwa hawazijui. Mahekalu ya kale yalikatwa jiwe kwa jiwe yakaletwa Khartoum: la Buhen lililojengwa zama za malkia Hatshepsut, ya Semna, mabaki ya Aksha. Yalipangwa bustanini kuzunguka mfereji wa maji unaoigiza Nile, kila moja upande wake wa mto kama lilivyokuwa nyumbani. Kwa mbele walikaa vyura wakubwa wa mawe kutoka Basa, walioangalia maji ya mvua kwa karne nyingi. Ndani, mlangoni kabisa, alisimama mfalme Taharqa wa granaiti nyeusi, na juu ghorofani michoro ya kanisa kuu la Faras, nyuso za watakatifu wenye macho makubwa, iliyobanduliwa ukutani kabla maji hayajafika.

Niliyaona mahekalu yale mara nyingi kwa miaka minne. Ukiyatazama unaelewa bwawa ni nini kwa yule anayekaa nyuma yake. Tulikuwa tukipumzika kwenye majani, rafiki yangu wa Tuti akisoma, mimi nikiwasikiliza watoto wa shule wakihesabu vyura.

Nilirudi nyumbani 2014. Haboba alifariki miaka mitatu baadaye, akazikwa kisiwani. Septemba 2020 mto ulipanda Khartoum kuliko ilivyowahi kupimwa, na rafiki yangu akaniandikia kwamba kaka zake wako taya.

Vita kati ya jeshi la Sudan na wapiganaji wa RSF vilianza Jumamosi tarehe 15 Aprili 2023. Wanafunzi Watanzania walirudishwa nchini mwezi uleule, nami nilikwenda kumpokea mmoja, mtoto wa jirani yetu, aliyetua na mfuko mmoja wa plastiki. Mogran, kwa kuwa ni mlango wa daraja la Omdurman na uko karibu na katikati ya mji, ikawa uwanja wa mapigano. Septemba 2023 dunia ikaona jengo refu la kampuni ya mafuta likiwaka moto kama mshumaa kando ya mto. Makumbusho yalishikwa na wapiganaji wa RSF tangu Juni mwaka huo, na jeshi lilipoirudisha Khartoum mikononi mwake Machi 2025, walioingia waliyakuta yameporwa: dhahabu imekwenda, makasha yamevunjwa, masanduku yamepinduliwa. Watu wa Tuti walizingirwa kwa miezi mingi bila dawa wala soko, na wengi wakalazimika kuondoka kwenye kisiwa ambako mto wenyewe ulishindwa kuwatoa. Rafiki yangu yuko Cairo sasa. Anakunywa Nile ikiwa imekwisha kuchanganyika.

Mkataba wa Entebbe ulianza kutumika Oktoba 2024. Bwawa la Ethiopia lilizinduliwa Septemba 2025, na sehemu kubwa ya lile tope jeusi la Haboba sasa inatuama nyuma yake. Mambo haya yatazungumzwa na wanasheria na wahandisi, na yazungumzwe. Mimi nina ombi dogo zaidi.

Rafiki yangu na wenzake wanakusanya kumbukumbu za Khartoum kutoka kwa kila aliyewahi kuishi huko. Wanataka picha: barabara ya Nile, bustani ya makumbusho, vyura wa Basa, mashamba ya Tuti, mama wa chai na vigoda vyake. Kwa aliyepoteza nyumba, picha ya mlango ni ushahidi, na kwa anayetafuta kilichoibwa, picha ya kasha likiwa bado limejaa ni ushahidi pia. Watanzania, Wakenya, Waganda na Wakomoro wengi tumesoma Khartoum. Ndugu msomaji, kama ulikuwa mmoja wetu, fungua simu yako ya zamani, fungua albamu, muulize kaka yako au shangazi yako aliyesoma huko. Ukipata picha ya Mogran kabla ya Aprili 2023, usiifute, na mpelekee Msudani unayemfahamu.

Ya ule mstari wa maji, ukiwa darajani unatazama kaskazini, mimi sina hata moja.